Kidonge cha Pili

Pale ghalani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Paka, naye aliitika, maana kazi yake ilikuwa panya, na kwa kazi hiyo alimshinda paka yeyote mwenye mkia. Kwa miaka kumi na tisa alilinda magunia elfu sita ya mahindi, na katika miaka yote hiyo hakuna mtoto, kuku, mbwa wala mpagazi aliyedhurika kwa sumu yake. Hilo la mwisho ndilo alilojivunia. Kuua panya hata mjinga anaweza, alikuwa akisema. Kazi ni panya afe na asife mwingine.

Sumu yake ilikuwa ya aina ile isiyo na haraka. Panya akiila leo anashiba tu na kwenda zake. Anarudi kesho, anarudi kesho kutwa, na kila akila, damu yake inapoteza kidogo uwezo wa kuganda. Siku ya nne au ya tano inamvujia ndani kwa ndani, naye anafia shimoni kimya kimya. Watu wa mtaani, aliowagawia nao, hawakuipenda. Walitaka kuamka na kukuta maiti sakafuni, wahesabu, wafurahi.

"Paka, dawa yako feki," mama mmoja alimjia juu getini. "Nimeiweka jana, leo sioni hata mkia."

"Mama, ulitaka akuachie na barua ya kwaheri? Mpe siku tano. Kijazie kisanduku kila chambo kinapopungua, usikiache kikauke. Na ule unga wanaouza sokoni kwenye vikaratasi usiuchanganye humo, nakuomba. Ule hauchagui panya na mtoto."

Ungemwona anavyofanya kazi ungedhani anahudumu hospitalini. Visanduku vyake vya chambo vilikuwa thelathini na viwili, kila kimoja na namba yake na kufuli lake, vimefungwa kwa waya kando ya ukuta ambako panya hupenda kupita. Alivaa glavu, kwanza kwa ajili ya ngozi yake, pili kwa sababu panya akinusa mkono wa mtu anaanza kujiuliza maswali. Kila asubuhi alivizungukia vyote. Mizoga aliiokota kwa koleo na kuifukia shimo refu, mbwa asije akaifukua naye akaingia kwenye hesabu. Pakiti ya sumu hakuitupa kamwe, maana mtu akidhurika, daktari atauliza jina la sumu kabla ya jina la mgonjwa. Na ukutani kwenye kichumba chake lilining'inia sanduku jeupe la huduma ya kwanza, na ndani yake, pamoja na bandeji, dawa ya kuponya sumu hiyo: vidonge vya vitamini K, ambavyo huirudishia damu uwezo wake wa kuganda. Havikuwahi kuhitajika. Vilibadilishwa tu kila tarehe zilipopita.

Mke alimpata humo humo ghalani. Alikuwa mshona magunia, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mkali, na siku ya kwanza kumwona akitambaa kwa magoti nyuma ya shehena alimuuliza kama amepotelewa na kitu au ndio anaingia shimoni kwao. Walioana mwaka huo. Mimba mbili ziliharibika, na ya pili nusura aondoke nayo, ndipo madaktari wakagundua kwamba moyo wake ulikuwa na kasoro tangu utotoni, tangu yale mafindofindo yaliyotibiwa kwa maji ya chumvi. Baada ya hapo hawakujaribu tena. Walibaki wawili, wakitaniana, yeye akimwita mumewe "mwenzangu", mume akimwita "bibie". Kadiri miaka ilivyokwenda, ngazi za ghalani zikawa zinamshinda, kisha hata kutoka kitandani hadi mlangoni ikawa safari ya kupumzika njiani.

Wakampasua. Wakamwekea moyoni kilango kidogo cha chuma mahali pa kile kilichochakaa. Chumba kikiwa kimya uliweza kukisikia kikigonga.

"Sasa huwezi kusema sina moyo," alimwambia mumewe alipoanza kupata nguvu. "Ushahidi unausikia."

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi wa kliniki ya moyo aliwakalisha wote wawili. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akawaeleza kwamba damu ikigusa chuma hupenda kuganda, na bonge likiganda pale linaweza kuziba kilango au kukatika na kukimbilia kichwani. "Kidonge hiki ndicho kinachozuia. Kila siku, saa ile ile, maisha yako yote, mama. Na kila mwezi unakuja tupime damu, tuone kiasi kinatosha au kimezidi. Ukiona unatoka damu au unavilia, usingoje mwezi uishe, njoo siku hiyo hiyo."

Paka alilipokea boksi la vidonge, akaligeuza na kusoma maandishi madogo, kama alivyozoea kusoma kila kilichoingia mkononi mwake. Warfarini. Akasoma tena. Jina hilo alilifahamu. Lilikuwa kwenye makopo ya chambo aliyokabidhiwa mwaka wake wa kwanza kazini, kabla hazijaja sumu mpya. Kwa jina hilo alikuwa ameua panya wasio na idadi.

Laiti angeuliza! Muuguzi yule angemjibu bila hata kuvua miwani kwamba ndiyo, ni kitu kile kile, na kwamba kinachotenganisha dawa na sumu ni kiasi, na ndiyo sababu damu inapimwa kila mwezi. Ingechukua dakika mbili. Lakini mkewe alikuwa ameketi pembeni yake, amejipaka mafuta, amefurahi kwenda nyumbani, na Paka hakutaka maneno "sumu ya panya" yaingie masikioni mwake. Akalitia boksi mfukoni. Mtu aliyewapa mtaa mzima mawaidha juu ya sumu aliona aibu kuuliza swali moja.

Wiki tatu za kwanza alimpa kidonge kila jioni kama alivyoagizwa, na kila jioni roho ilimuuma. Kisha mkewe akajigonga mkono kwenye kona ya meza, jambo dogo la kila siku, na kesho yake pale palikuwa na doa jeusi lenye upana wa kiganja. Siku mbili baadaye alipopiga mswaki, povu lilitoka jekundu. "Fizi zangu zimeanza uzee," alisema, akasukutua, akasahau. Paka hakusahau. Alilitazama sinki mpaka maji yakasafika. Yeye damu ya namna hiyo aliijua: aliiona puani mwa panya wa siku ya tano.

Muuguzi alikuwa amesema waende siku hiyo hiyo. Hata Paka mwenyewe, kama mtu angemletea mbwa wake katika hali ile, angemwambia kimbia kwa daktari. Lakini mganga hajigangi, na hofu ikishakaa kichwani inajifanya ndiyo akili. Akawaza hivi: ile ni sumu, na sumu hiyo ina dawa yake, na dawa yake ninayo. Hospitali wampe chao, nami nitamkinga kwa changu. Kesho yake, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alilifungua sanduku jeupe na kutoa vidonge vya vitamini K.

"Hiki cha pili cha nini tena?" mkewe aliuliza jioni hiyo.

"Vitamini."

"Kaandika daktari?"

"Bibie, kinga ni bora kuliko tiba. Meza."

"Mwenzangu, ukiendelea kunijaza vidonge nitakuwa nalia kama kayamba kila nikitembea." Akavimeza vyote viwili, kile cha hospitali na kile cha mumewe, kwa mkupuo mmoja wa maji.

Fizi zikapona. Doa la mkono likageuka manjano, likafutika. Paka alirudi kwenye visanduku vyake akipiga mluzi, na wapagazi wakaulizana leo kaokota nini. Hakuwa ameokota kitu. Aliamini tu kwamba amemwokoa mkewe, na kwamba hakuna mwingine duniani ambaye angejua kumwokoa, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua alichokijua yeye.

Kliniki walipopima damu, muuguzi alilitazama jibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Damu inaganda upesi mno. Mama, unaruka dawa?"

"Siruki hata siku moja. Muulize huyu, ananisimamia kama askari jela."

"Mboga za majani umezidisha?"

"Hapana."

"Kuna dawa nyingine unayotumia? Ya dukani, ya mitishamba, chochote?"

Mkewe alifungua mdomo kujibu. Paka akamwahi. "Hakuna."

Mkewe akamgeukia. Aliona uso wa mumewe, akadhani anaogopa kugombezwa kwa kumnunulia vitamini bila ruhusa, akamsitiri. Njiani alimcheka: "Ghalani simba, mbele ya muuguzi panya." Muuguzi alikuwa ameongeza kipimo, kutoka kidonge kimoja hadi kimoja na nusu.

Paka akapiga hesabu yake ya ghalani. Sumu imeongezwa, basi na dawa yake iongezwe. Vya kwenye sanduku vilikuwa vimekwisha, akaenda duka la dawa mtaa wa pili, ambako walimfahamu kama mtu wa sumu na hawakumuuliza swali. Mwezi uliofuata damu ilikuwa inaganda vile vile, muuguzi akaongeza tena huku akitikisa kichwa, na Paka naye akaongeza. Hivyo ndivyo walivyokwenda miezi mitano: kliniki ikivutia huku, mume akivutia kule, na mwanamke wa watu katikati akimeza kila anachopewa na kusema ahsante.

Ilikuwa asubuhi, saa moja na nusu. Paka alikuwa anafunga kamba za viatu. Mkewe alikuwa anamimina chai, akasema, "Mwenzangu, huu mkono..." na sentensi ikaishia hapo. Kikombe kilianguka. Alipoinua macho alimwona mkewe amesimama, mdomo umevutika upande mmoja, macho yakimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Alimdaka kabla hajafika chini.

Walimpeleka kwa gari la ghala. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alimpima kisha akawaeleza Paka na shemeji yake, yaani dada mkubwa wa mgonjwa, fundi cherehani aliyefika akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni. Damu ilikuwa imeganda kwenye kilango cha chuma. Kipande kimekatika, kimepanda kwenye ubongo. Upande wa kulia hautafanya kazi, na maneno yamekwenda.

"Lakini alikuwa anameza dawa!" shemeji alilia. "Hakuacha hata siku moja, mdogo wangu! Hizo dawa zenu za nini?"

"Ndiyo nashangaa na mimi," daktari alisema. "Nahitaji kuona kila alichokuwa akimeza."

Paka angeweza kunyamaza. Shemeji alikuwa ameshailaumu hospitali, na lawama ile ingebaki pale pale. Lakini alikuwa mtu asiyetupa pakiti. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa ile ya vitamini K, akaiweka juu ya shuka.

Daktari aliisoma, kisha akamtazama. "Nani alimpa hii?"

"Mimi."

Akasimulia yote, amesimama pale pale miguuni mwa kitanda. Makopo ya mwaka wa kwanza, jina lile, panya wa siku ya tano, fizi, sanduku jeupe. Alisema kwamba kidonge cha hospitali ni sumu ya panya, na kwamba alikuwa anamkinga. Daktari hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Mzee, sisi tulikuwa tunaizuia damu isigande. Wewe ulikuwa unaigandisha. Kila siku."

Shemeji aliketi sakafuni. Na katikati ya kilio chake ndipo Paka alipomtazama mkewe. Maneno yalikuwa yamemwondoka, ila masikio alikuwa nayo. Macho yake yalikuwa wazi, na alikuwa amesikia kila kitu.

Hospitalini dawa ya damu walimpa kwa sindano, naye hakuwa na uwezo wa kukataa. Baada ya wiki tatu akaletwa nyumbani, na shemeji akahamia na cherehani yake. Katika maneno yote ya ulimi ule mkali, moja tu lilikuwa limerudi: "Hapana." Alilitumia kwa kila kitu, kwa maji, kwa mto, kwa dirisha, na ilibidi umwangalie macho kujua kama anakubali au anakataa. Ila kilipotokea kidonge hapakuwa na haja ya kumwangalia. Alisema "Hapana", akakaza meno, akageukia ukutani.

Shemeji alibembeleza, akagomba, akalia. Muuguzi wa kliniki alifunga safari akaja mwenyewe, akaketi kitandani, akaeleza habari ya kiasi, chumvi inavyounga mboga na inavyoiharibu, ukose hiki mama na bonge jingine linakuja, na hilo halitakuacha. "Hapana." Paka alipiga magoti. Alimwambia kwamba alikosea, kwamba kile kidonge ni dawa, ni dawa kabisa, ardhi immeze yeye mzima mzima kama anasema uongo. Mkewe alimtazama muda mrefu. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa amemsikia akiwaeleza watu kitu kile kinafanya nini ndani ya mwili wa kiumbe. Alikuwa amemwamini. Hata sasa alikuwa bado anamwamini, ila yule wa zamani, na ndiyo sababu alikaza meno.

Siku ya tatu bila kidonge, shemeji alimwita Paka nje, penye bomba.

"Kazi yako wewe ni nini?"

"Shemeji, nakuomba..."

"Nimekuuliza. Kazi yako nini?"

"Kuua panya."

"Panya aliyeshtuka, anayejua kabisa kwamba sumu ni sumu. Huyo unamlisha vipi?"

Paka alijibu taratibu, macho chini. "Unampa chakula kitupu kwanza. Kizuri. Siku mbili tatu, pale anapopaamini. Akishazoea, ndipo unachanganya. Kidogo, asisikie ladha."

"Basi mtegee," shemeji alisema. Sauti yake haikuwa na hasira tena, ilikuwa imechoka. "Nimempigia muuguzi. Kasema tukisage kidonge, kiasi kile kile, na Jumatatu tumpeleke kupima. Mimi hataki kula mkononi mwangu, analisukuma bakuli. Wewe anakula. Huna siku tatu, una mbili."

Paka alinawa mikono pale bombani. Kisha akaingia jikoni.

Siku ya kwanza alimpikia uji mweupe, wa maziwa, sukari ikizidi kidogo, kama alivyoupenda. Mkewe aliunusa, akauangalia, akamwangalia. Paka akachota kijiko akanywa yeye kwanza, mbele ya macho yake. Akala. Siku ya pili akala bila kunusa.

Siku ya tatu alikisaga kile kidonge kati ya vijiko viwili, kwa mikono iliyopima sumu miaka kumi na tisa bila kumwaga hata chembe. Akakikoroga kwenye uji kidogo tu, ili usibaki. Akaketi kitandani, akamfunga kitambaa kifuani, akaanza kumlisha. Kijiko baada ya kijiko mkewe alifungua mdomo. Upande wa kulia uji ulimchuruzika kidogo, na Paka akaukusanya na kuurudisha, usipotee.

Bakuli lilipobaki tupu, mkewe aliunyoosha mkono wake wa kushoto, akamshika kifundo cha mkono, akakibana. "Hapana," alisema polepole, na Paka alipomtazama machoni aliona kwamba anamshukuru. Tangu siku ile ya hospitali hakuwahi kumgusa. Alikuwa ameanza kumwamini tena, na Paka alijua kwamba ni lazima amwamini hivyo hivyo kesho, na kila siku, la sivyo hatakula.